Komiki ya zamani sio lazima iwe hela, angalia karatasi kwanza

Meseji ninazopata sana ni za aina moja, mtu amekuta boksi la komiki za zamani stoo, anapiga picha moja yenye giza, anaituma na swali moja tu, "hizi zinaenda bei gani?" Na mi huwa sijibu bei, nauliza ni za mwaka gani na karatasi yake ikoje ukiigusa. Wengine wanakasirika kabisa, wanaona nawazungusha ili nije niwalalie bei. Wala. Tumekua tukiambiwa ya kale ni dhahabu, sawa, ila kwenye komiki huo msemo umewapoteza wengi, kwa sababu kuna komiki ya miaka ya 90 ambayo hata ukigawa bure watu wanapita tu, kuna ya 1974 iliyokatwa kipande kidogo na mkasi ikapoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na kuna ya 1938 ambayo hata ikiwa imechoka vipi wenye hela zao bado wataigombania.

Hiyo ya 1938 ni Action Comics namba 1, ile aliyotokea Superman kwa mara ya kwanza, iliuzwa senti 10. Jerry Siegel na Joe Shuster waliomtunga walilipwa dola 130 na haki zote zikaenda kwa mchapishaji, stori yake inaumiza lakini tuiache leo. Zilichapwa kama nakala 200,000 na zilizobaki duniani zinakadiriwa 100 hivi. Sasa jiulize zingine zilienda wapi. Zilisomwa! Komiki kilikuwa kitu cha mtoto, anaikunja anaitia mfuko wa nyuma, anabadilishana na mwenzake, inazunguka mtaa mzima mpaka jalada linatoka, halafu siku mama anafanya usafi inaondoka na takataka. Ikaja vita ya pili ya dunia, kule Marekani kukawa na kampeni za kukusanya karatasi chakavu na watoto wenyewe ndio waliobeba mafurushi ya komiki zao kupeleka. Vita ikaisha zikaanza kelele kwamba komiki zinaharibu watoto, mwishoni mwa miaka ya 40 zikawa zinachomwa moto hadharani, 1954 daktari wa akili Fredric Wertham akatoa kitabu kizima cha kuzishtaki, Seneti ikakaa kusikiliza, wachapishaji wakaogopa wakajiwekea masharti yao wenyewe ya Comics Code. Na hata zile ambazo hazikununuliwa hazikupona, muuza magazeti alikuwa anachana jalada au kile kipande cha juu chenye jina, anakirudisha kwa msambazaji arudishiwe hela yake, kinachobaki kilitakiwa kitupwe. Ndio maana unakutana na komiki nzima kabisa ndani lakini jalada lake halina kichwa.

Kwa hiyo hizi zikawa adimu kwa sababu hakuna aliyezijali, na hilo ndilo watu wanalisahau. Miaka ya 90 mwanzoni watu wakasikia komiki za zamani zinauzwa hela nyingi, wakaanza kununua mpya kwa fujo wakizifungia kabatini. X-Men namba 1 ya 1991 iliuza zaidi ya nakala milioni 8, na ilikuwa na majalada tofauti kusudi mtu mmoja anunue yote. Ile ya Superman kufa, namba 75, ilikuja imefungwa kwenye mfuko mweusi na watu walipanga foleni, kila mtu anachukua ya kusoma na ya kuweka, wengine wanabeba boksi zima wakijua watasomesha watoto nayo. Sasa kama kila mtu ameitunza, nani atakuja kuitafuta? Soko likaporomoka, maduka mengi yakafunga, na 1996 Marvel wenyewe, wachapishaji wa hiyo X-Men, wakaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Nikikuta mtu ana hiyo mifuko myeusi imekaa vizuri haijafunguliwa huwa namwambia fungua tu ujisomee.

Ila na uadimu peke yake nao hautoshi, hapa wageni wanachanganya. Kuna komiki za vichekesho vya wanyama za miaka ya 40 ambazo kuipata moja ni kazi na ukiipata hakuna anayeitaka. Kinachovuta bei ni mhusika kuonekana mara ya kwanza, na watu wanaomtaka huyo mhusika kuwa wengi kuliko nakala zilizopo. Mfano mzuri ni Incredible Hulk namba 181 ya 1974, ndio stori ya kwanza kamili ya Wolverine (alichungulia tu ukurasa wa mwisho wa namba 180, na kuhusu ipi ihesabiwe ya kwanza watu wanaweza kubishana mpaka asubuhi). Hiyo 181 sio adimu hata kidogo! Ukitaka leo unaipata leo. Ni ghali kwa sababu kila mtu anaitaka, basi.

Na hiyo ndio ile ya mkasi niliyoitaja. Miaka hiyo Marvel walikuwa wanachapa stempu kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, mtoto anaikata anaibandika kwenye kijitabu, akijaza zote anapata vipunguzo na zawadi. Kwenye Hulk 181 stempu ni ya Shanna the She-Devil, namba 54. Watoto wakakata, nani angejua. Kwa hiyo muuzaji anakuwekea picha ya mbele safi, ya nyuma safi, rangi inawaka, pembe kali, we roho inadunda, na ndani kuna dirisha la mstatili. Omba picha ya ukurasa wa barua kabla hujasema chochote kuhusu hela, akianza kukwambia kamera imeharibika achana naye. Na kama ipo, usiridhike haraka. Stempu hiyo hiyo ilichapwa kwenye komiki nyingine za bei ndogo, wajanja wanaikata huko wanaipachika hapa. Shika ukurasa ukiwa na taa kwa nyuma, ilipopachikwa utaona kingo zake mwanga unapita tofauti, au maandishi ya upande wa pili wa ukurasa hayaungani.

Hali ya komiki inapimwa kwa namba, ndio hiyo tunaita gredi, kuanzia 0.5 mpaka 10.0. Kabla ya hapo ilikuwa maneno tu, muuzaji anasema "nzuri sana" na mnunuzi anasema "ya kawaida" mnagombana. Mwaka 2000 ikaanza kampuni ya CGC kule Marekani, unawatumia komiki wanaipima, wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba yake. Wengine wakafuata, kama CBCS. Uzuri wake ni kwamba watu wawili wasiojuana wanaweza kuuziana bila kushikana mashati, ubaya wake ni kwamba sasa watu wananunua namba hawanunui komiki. Bei nayo haipandi ngazi kwa ngazi, inaruka. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, aliyotokea Spider-Man, nakala ya 9.6 iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021, wakati iliyochoka ya stori ile ile kurasa zile zile unaizungumzia kwenye makumi ya maelfu. Na kule juu, tofauti ya gredi moja na inayofuata ni mikunjo ambayo mtu wa kawaida hata haoni.

Ya kuona inabidi ujifunze. Mi naanza na mgongo, nailaza komiki mezani taa ikiwa pembeni sio juu, halafu naizungusha taratibu. Pale karibu na pini utaona vimistari vidogo vimekatiza mgongo, kama rangi bado ipo juu ya mstari sio mbaya sana, kama rangi imevunjika na weupe wa karatasi unaonekana hapo kila kimoja kinakula gredi. Nikimaliza hapo pini zenyewe, zina kutu? Kutu haikai kwenye chuma tu, inakula karatasi kuizunguka, siku moja unafungua ukurasa wa kati unabaki mkononi. Halafu nahesabu kurasa zote, hata za matangazo, kwa sababu kuponi za kuagiza vitu zilikatwa sana. Mwisho rangi ya karatasi, kuna nyeupe, kuna inayoelekea maziwa, kuna kahawia, na kuna ile inayovunjika vunjika ukiigusa. Hiyo ya mwisho hata jalada liwe zuri vipi mi siinunui kwa bei ya jalada. Na unaponusa usione aibu, ukungu una harufu yake na ukishaingia kwenye boksi unahamia kwa wenzake.

Sasa kuna hili la kukarabatiwa. Mtu anachukua kalamu ya rangi anajaza ule weupe wa mgongo, au anapunguza kingo zilizochakaa na kisu ziwe kali. Inapendeza kweli. Lakini kwa CGC hiyo inapewa lebo ya zambarau badala ya bluu na bei inashuka vibaya, mara nyingi ni bora ingeachwa na makovu yake. Ukitaka kuikamata ya rangi fungua jalada uangalie kwa ndani, wino wa kalamu hupenyeza. Ya kukatwa angalia kingo, komiki za zamani zilikatwa kiwandani bila kujali sana kwa hiyo kaupindo kadogo ni kawaida, ukikuta ya miaka 60 imenyooka kama imetoka jana jalada na kurasa vimelingana kabisa, shtuka, chukua rula upime na nyingine ya mwezi ule ule.

Kupigwa pasi ni kesi nyingine. Sio pasi ya nguo jamani, naombeni! Kuna mashine za joto na uzito maalum zinanyoosha mikunjo ambayo haijavunja rangi, na makampuni ya kupima hayahesabu kama ukarabati. Wengi wanafanya kila wanachonunua. Mi binafsi sipendi, joto na unyevu kwenye karatasi iliyozeeka hivyo ni kuipa kazi ambayo haikuiomba, ila najua kwenye hili mi ni wa wachache na soko limeshaamua.

Feki pia zipo, ingawa nyingi sio feki za makusudi. Mwaka 1974 DC, wachapishaji wa Superman, walitoa nakala kubwa ya Action Comics namba 1, kila kitu ndani walikirudia kama kilivyokuwa, hadi bei ya senti 10, halafu wakaivalisha jalada la nje linalosema ni toleo la kumbukumbu. Mtu akilivua hilo la nje anabaki na kitu kinachofanana kabisa na ya 1938, na kila mwaka kuna watu wanakuta hiyo kwenye sanduku la marehemu babu wanaanza kuota gari. Ipime tu. Ya kweli ni kama sentimita 20 kwa 27, hiyo ya 1974 ni kama 25 kwa 34. Rula inamaliza kesi. Na hata iliyo kwenye kasha usiiamini macho yakiwa yamefumbwa, kuna watu wanafungua kasha kiufundi wanaingiza nakala mbovu, kwa hiyo ingiza ile namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo (sio ya gredi) kwenye tovuti ya kampuni, kama kuna picha linganisha alama moja moja, na pitisha kidole kwenye kingo za kasha kama kuna ufa au alama ya kuchokonolewa.

Kuhusu bei mi nina msimamo mmoja, bei anayotaka muuzaji sio bei. Mtu anaweza kuandika milioni, hakuna anayemzuia. Angalia zilizouzwa kweli, gredi hiyo hiyo, lebo rangi hiyo hiyo, miezi ya karibuni. Kitabu cha bei cha Robert Overstreet kipo tangu 1970 na bado nakiheshimu sana kwa habari zake, nani alichora nini, namba gani ina nini, lakini kwa bei za vitu vinavyokimbia minada iko mbele yake. Na habari za minada mikubwa nazo zisikupe homa. Aprili 2024 nakala ya Action Comics namba 1 ya gredi 8.5 iliuzwa dola milioni 6 kwenye mnada wa Heritage, kesho yake kila mwenye Superman ya 1985 akawa tajiri kichwani.

Raha yangu zaidi ni vile vitu vidogo ambavyo mwenye haraka anavipita. Mwaka 1976 na 1977 Marvel walikuwa wanajaribu kupandisha bei, wakachapa baadhi ya nakala kwa senti 30 badala ya 25, halafu 35 badala ya 30, wakazisambaza miji michache tu waone watu watalalamika kiasi gani. Komiki ni ile ile neno kwa neno, namba moja tu kwenye kona ya jalada imebadilika. Star Wars namba 1 ya 1977 yenye senti 35 ni ghali mara nyingi kuliko ya 30. Ila zipo pia zilizochapwa upya zenye bei hiyo hiyo ya 35, kwa hiyo usikimbilie kulipa, soma maandishi madogo, penye neno reprint funga biashara.

Haya, umeshanunua, unaiwekaje. Karatasi hii ni ile ile ya gazeti, imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu, ndani yake kuna lignini ambayo ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na kutoa asidi, na hiyo asidi inaila karatasi yenyewe. Yaani adui yuko ndani, we unachoweza ni kumchelewesha. Mfuko wa kawaida wa polipropilini unafaa kwa miaka michache halafu unabadilisha, wa Mylar, ile plastiki ngumu ya poliesta, ni ghali lakini huo ndio wa kudumu, wa PVC usiusogeze karibu kabisa, ule ndio unaotoa harufu ya pazia la bafuni. Nyuma unaweka kadibodi isiyo na asidi, na hapa kuna utapeli wa kimya kimya, nyingine zimepakwa dawa juu tu ndani ni karatasi ya kawaida, baada ya muda asidi inatoka. Tafuta iliyoandikwa haina asidi yote mpaka ndani. Saizi pia, za miaka ya 40 ni pana kuliko za leo, ukiisukumia kwenye mfuko wa saizi ya sasa umeibana pembe mwenyewe. Na selotepu! Ukitaka kuitoa komiki bandua selotepu yote kwanza, usiikunje tu juu, itanasa jalada wakati unavuta na hapo utasikia sauti ambayo hutaisahau.

Lakini plastiki sio uchawi. Mwaka 1977 muuzaji Chuck Rozanski alinunua mkusanyiko wa Edgar Church wa Denver, komiki kati ya 18,000 na 22,000, nyingi za miaka ya 30 mpaka 50, na mpaka leo zikitokea mnadani watu wanalipa zaidi kwa sababu tu zilitoka kwa Church. Nyeupe, rangi kama mpya. Hazikuwa kwenye mfuko wala kadibodi. Mzee alizinunua mpya akazipanga marundo kwenye chumba, Denver iko juu, hewa kavu, kulikuwa na giza, na uzito wa rundo ukazibana hewa isipite katikati. Kwa hiyo kabla ya kuagiza Mylar za bei mbaya angalia kwanza boksi linakaa wapi. Sio chini kwenye sakafu, bomba likipasuka ndio la kwanza kunywa maji. Sio karibu na bati, joto linapanda na kushuka kila siku. Sio ukuta unaopata unyevu. Kipimo cha unyevu ni kitu cha bei ndogo, kinisomee chini ya asilimia 50 nalala vizuri. Zisimame wima zimejaa kiasi, zikiegemea zinapinda. Na hizo glavu nyeupe za kwenye filamu mi sivai, zinakufanya usisikie karatasi, osha mikono ukauke.

Za bei kubwa zipige picha zote, mbele, nyuma, katikati, na kila kovu kwa karibu, weka nakala nje ya nyumba. Mwigizaji Nicolas Cage aliibiwa Action Comics namba 1 yake mwaka 2000, ikakutwa 2011 kwenye stoo ya kukodi huko California, na mwaka huo huo ikauzwa zaidi ya dola milioni 2. Nakala kama ile mwizi hawezi kuiuza kwa mtu anayejua kwa sababu wanaozijua wanajua kila doa lilipo. Ya kwako nani analijua doa lake? Na bima, uliza wazi kama ile ya nyumba inagusa komiki, mara nyingi ina kikomo kidogo sana kwa vitu vya kukusanya na utajikuta unalipwa kama karatasi za zamani. Zipo bima za mikusanyiko ambazo mnakubaliana thamani mapema.

Za kusoma lakini mi nanunua zilizochoka, zile za 1.0 na 1.5, mgongo umeachana, mtoto ameandika jina lake na peni juu ya Thor. Nazisoma kitandani bila wasiwasi, pamoja na matangazo yake ya miwani ya kuona ndani ya nguo, na zile barua za wasomaji ambazo ukiweka kwenye kasha hutakaa uzione tena. Humo watoto walikuwa wanaandika kumkosoa Stan Lee, mhariri wa Marvel, kisanduku fulani cha picha mmesahau rangi ya buti, na aliyeona kosa alipewa No-Prize, yaani zawadi ya kutokuwa na zawadi, wakawa wanatumiwa kwa posta bahasha imeandikwa nje kwamba ndani kuna No-Prize halisi ya Marvel, unafungua haina kitu. Watoto wengine wakaandika kulalamika kwamba wametumiwa bahasha tupu. Hizo bahasha nazo leo zinakusanywa na kuuzwa, na ambayo haijachanwa ina bei yake, mi naitafuta moja bado.